Plasta Ikishika Hupata Joto

Wenzangu wa chumba cha plasta,

Mtanisamehe mwandiko. Mkono huu umezoea kulainisha plasta, kalamu ni kitu kigeni kwake, na shule yangu iliishia darasa la saba. Mahali nimekosea herufi, someni kama mnavyonisikia nikisema. Naandika polepole. Ukurasa mmoja hunimalizia asubuhi nzima, na kuku wa mke wangu wameshanizoea, wanapita chini ya kiti changu kama ninyi mlivyokuwa mkipita kwenda kunywa chai.

Siku ya kuniaga mliniomba niseme neno. Nilisema asante nikakaa. Mnanijua. Yale ambayo mdomo ulishindwa siku ile nayaweka hapa. Habari ya vyeo sitaigusa. Nilipanda kidogo kidogo kama kila mtu, na hakuna cha kujifunza hapo. Nataka kuwaeleza juu ya neno moja la zamani, mtu aliyenipa neno hilo, na miguu ya mtoto mmoja wa Usenge.

Niliingia hospitali yetu ya Kisumu kama mfagiaji. Chumba cha plasta kilikuwa mwisho wa korido, na hakuna aliyependa kukifagia kwa sababu ya vumbi lake. Vumbi la plasta ni jeupe na jepesi. Ukilifukuza mlangoni linarudi kupitia dirishani. Wafagiaji wenzangu walinipa chumba hicho kwa kuwa nilikuwa mgeni na sikuweza kukataa. Nilikuwa kijana mwenye haya kupita kiasi. Mtu akinisalimu, nilijibu sakafu.

Aliyekuwa akifunga plasta wakati huo aliitwa Bwana Gichuki. Alikuwa mtu wa Murang'a, aliyekuja Kisumu kumsaidia kaka yake dukani, karibu na stendi ya mabasi. Duka lilimshinda kwa sababu alipenda kuzungumza na wateja kuliko kuwauzia. Hospitalini tabia hiyo ikawa dawa. Dholuo chake kilikuwa cha salamu na cha maumivu tu: alijua kuuliza mtu ameamkaje na ni wapi panapomuuma. Akimaliza hayo mawili aliongea Kiswahili kwa sauti kubwa, na wagonjwa walimwelewa au walikubali kuwa wamemwelewa.

Ninyi mmekuta bandeji za plasta zimefungwa kwenye karatasi, tayari. Zamani tulizitengeneza wenyewe. Tulitandaza shashi juu ya meza, tukamwaga unga wa plasta, tukausambaza kwa kiganja mpaka uingie kwenye matundu, kisha tukaviringa bila kukaza na kutia ndani ya kopo lenye kifuniko kizuri. Kifuniko kilikuwa muhimu kuliko yote. Hewa ya ziwa letu ina maji, na unga ukinywa maji kabla ya siku yake haushiki tena. Utafunga mguu wa mtu, na kesho atarudi na kitu kama ugali uliolala.

Juu kabisa kwenye rafu palikuwa na kopo moja la bati, kuukuu, lililoliwa na kutu pembeni. Ndani Bwana Gichuki aliweka pini. Nje lilikuwa na neno refu kwa herufi za rangi ya kahawia: EMPLASTRUM. Nililipangusa vumbi kila asubuhi kwa muda mrefu, nikilisoma silabi kwa silabi. Siku moja niliuliza ni nini. Bwana Gichuki alifurahi kana kwamba kiti kimezungumza.

"Hilo ni jina la babu yake plasta," akaniambia. "Keti."

Sikuketi, lakini nilisimamisha ufagio. Alinieleza kwamba neno hilo lilianza kwa Wayunani wa kale, na maana yake ilikuwa kupaka kitu juu ya kitu na kukifinyanga kifuate umbo. Warumi walilichukua, matabibu wao wakalitumia kwa dawa za kubandika. Walipika mafuta, utomvu na majani mpaka vikawa uji mzito, wakaupaka kwenye kitambaa au kipande cha ngozi na kukibandika mahali panapouma. Hapakuwa na habari ya mfupa wala unga mweupe. Watu wa Ulaya wakalikata lile neno likawa fupi. Baadaye mafundi wa nyumba wakaona kwamba nao wanapaka ukutani kitu kibichi ambacho hukauka, basi wakaliazima. Hata unga wetu wenyewe ulitoka huko kwa wajenzi: ni jiwe linalochomwa na kusagwa, na lilichimbwa sana karibu na mji wa Paris, ndiyo maana ya ile P ya mwisho katika POP, jina ambalo ninyi mnalitamka kila siku bila kulifikiria. Siku matabibu walipopaka unga huo kwenye bandeji ili kushika mfupa, neno lilirudi nyumbani kwake.

"Ukuta uliazima kwa kidonda," alisema. "Watu hudhani ni kinyume."

Kwa miaka mingi nilishuku kwamba amejitungia. Mtu anayependa maongezi hawezi kuaminiwa katika kila jambo. Juzi binti yangu alitafuta kwenye simu yake, akaniambia mzee alikuwa sawa. Nimemwomba radhi moyoni.

Siku ile nilimjibu kwa sentensi ndefu kuliko zote nilizokuwa nimesema katika chumba kile. Nilimwambia kwamba hata kwetu kuna kazi hiyo. Kwa Dholuo tunaiita muono: mama hukanyaga udongo, akachanganya na samadi ya ng'ombe, akakandika nyumba yake kwa mkono. Aliniuliza mama yangu hufanya vipi. Kwa kuwa kueleza kulinishinda, nililowesha mikono kwenye ndoo nikamwonyesha ukutani, bila udongo. Aliangalia mikono yangu, hakuangalia ukuta.

"Umetumia kiganja," akasema. "Kesho utafunga plasta pamoja nami."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mahojiano yangu ya kazi. Kiganja ndiyo sheria ya kwanza, na mmenisikia nikiirudia hadi mkachoka. Ncha za vidole huacha mashimo kwenye plasta mbichi, nayo mashimo yale, ikikauka, huwa mawe yanayochimba ngozi. Sheria nyingine mnazijua. Maji yawe ya uvuguvugu. Yakiwa moto, plasta itashika kabla hujamaliza na inaweza kumchoma mtu. Subiri mapovu yaishe ndipo utoe bandeji kwenye maji. Vidole vya mguu vibaki nje uvione, ubonyeze ukucha, uone damu ikirudi. Na zungumza na mtu huku unamfunga. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitesa. Mwanzoni nilizungumza na wagonjwa juu ya mvua tu. Mvua ilipokosekana, nilizungumza juu ya kukosekana kwake.

Bwana Gichuki alistaafu, akaniachia kopo lake na pini zake. Tulifunga waendesha bodaboda, tulifunga wachezaji wa mpira, tulifunga mama mmoja wa Kombewa aliyeanguka kutoka juu ya mparachichi na kukasirika tulipomuuliza alikuwa akifanya nini huko juu. Watu wazima ni rahisi. Mfupa wa mtu mzima unajua ulikuwa wapi, unataka tu kurudishwa.

Kisha ikaja ile njia ya kunyoosha miguu ya watoto wachanga. Kabla ya hapo, mtoto akizaliwa nyayo zake zimegeukia ndani, wengi walisubiri upasuaji mkubwa au hawakusubiri kitu. Walikua wakitembea kwa ubavu wa mguu. Njia mpya ilikuwa ya upole: daktari anageuza mguu kidogo kwa vidole vyake, sisi tunafunga plasta ndogo kutoka vidoleni hadi pajani, wiki inayofuata tunaifungua, anageuza kidogo tena, tunafunga upya. Mfupa wa mtoto mchanga ni kama udongo ambao bado haujaanikwa, unasikia mkono. Lakini mnyororo usikatike. Ukiacha katikati, mguu hurudi ulikotoka.

Atieno alikuja kutoka Usenge akimbeba mtoto wake wa kwanza, Achieng', miguu yote miwili imegeuka ndani kama mtu anayepiga makofi kwa nyayo. Mume wake alikuwa Naivasha kwenye mashamba ya maua. Yeye aliishi kwa mama mkwe na kumsaidia kuanika omena, wale dagaa wa ziwani. Daktari wetu, kijana mpole aliyezoea kueleza jambo mara mbili, alimweleza yote. Tulifunga. Atieno akaenda nyumbani na mtoto mwenye miguu miwili myeupe.

Wiki iliyofuata alirudi na mtoto mwenye miguu mitupu, nyayo zikiwa zimerudi ndani vilevile. Nyuma yake aliingia mwanamke mnene, mrefu, mwenye kitambaa cha kanisani kichwani. Atieno alitueleza, akiangalia chini, kwamba huyu ndiye Dani, nyanya yake mtoto.

Daktari aliuliza ni nani ameondoa plasta.

"Mimi," Dani akasema. "Niliweka miguu ndani ya karai ya maji mpaka ikalainika, kama mnavyofanya hapa. Na mkiweka tena, nitaondoa tena."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayetaja siku ya soko. Daktari alimweleza kwamba mguu ukiachwa utakuwa mgumu, na ukishakuwa mgumu itabidi upasuliwe sana, na hata hivyo mtoto anaweza asikanyage sawasawa maisha yake yote. Dani alisikiliza hadi mwisho. Kisha naye akatueleza. Katika boma lake, alisema, kitu kinachopakwa kitu cheupe kikawa kigumu ni kaburi. Kaburi la mume wake liko mbele ya nyumba. Mwaka uliofuata akazikwa mwanawe mkubwa, nalo likapigwa plasta na fundi yuleyule. Jirani alipokuja kumwona mtoto alisimama mlangoni akauliza kama wameanza kumjengea. Tangu saa hiyo Dani hakuweza kumshika mjukuu wake. Kila akigusa mguu ule mgumu, alisema, mkono wake ulikumbuka.

Atieno alikuwa akilia bila sauti. Tulimwelewa sote. Alilala chini ya paa la Dani na alikula kwenye sufuria ya Dani. Bila mkono wa Dani, miguu ya Achieng' haikuwa na njia.

Mimi niliangalia sakafu, kama kawaida yangu, na kutoka sakafuni macho yalipanda hadi mikono ya yule mama. Kwenye mistari ya viganja kulikuwa na udongo mwekundu ambao sabuni ilishindwa kuutoa. Krismasi ilikuwa karibu, nao ni wakati wa kukandika nyumba.

Nilimuuliza kama ameshamaliza kukandika.

"Ukuta wa mbele. Wa nyuma bado," akajibu. "Unataka kazi?"

Wauguzi walicheka. Nilimuuliza ni nani anayemkanyagia udongo.

"Atieno. Huyu mdogo ndiye angekuja kunikanyagia siku Atieno akichoka." Alimfunua mtoto miguu. "Sasa niambie wewe, daktari. Udongo utakanyagwa na ubavu wa mguu?"

Mimi si daktari, lakini nilikuwa nimeacha kukataa jina hilo zamani. Nilimweleza habari ya kopo. Nilimwambia kwamba plasta ilikuwa dawa kabla haijawa ya ukuta wala ya kaburi, kwamba watu wa kale waliipika na kuipaka kwa mkono juu ya mahali panapouma, na kwamba neno lake la zamani maana yake ni hiyo kazi iliyokuwa mikononi mwake. Nilisema maneno mengi, na niliona fahari kidogo.

"Hayo ni ya Wazungu," Dani akasema. "Na Wazungu hao wote walikufa, wakazikwa."

Neno la Bwana Gichuki lilikuwa zuri, lakini lilikuwa neno. Nikamwomba Dani anawe mikono.

Daktari aliniangalia. Nilimwambia safu ya mwisho haina nguvu, ni ya kulainisha tu, na mama huyu amelainisha kuta nyingi kuliko sisi sote. Alifikiri, akasema sawa, mradi yeye mwenyewe ndiye ashike mguu hadi mwisho. Dani alinawa, kwa mashaka, kama mtu aliyeitwa kula kwa watu asiowajua.

Daktari akashika nyayo. Niliviringa pamba, nikaviringa bandeji ya kwanza na ya pili, nikabonyeza kucha kuona damu ikirudi, kisha nikasogea. Sikumfundisha kitu. Alichovya viganja kwenye ndoo, akakung'uta maji, akaanza kwenye kifundo na kupanda hadi pajani, mkono mmoja ukifuata mwingine, bila kubonyeza. Alipofika kwenye goti alinionyesha mahali nilipoacha mkunjo wa bandeji, akaulainisha yeye, akasema ningekuwa mke wa mtu ningerudishwa kwetu. Wauguzi walicheka tena. Mtoto alikuwa amelala.

Kisha mikono yake ikasimama.

"Iko na joto," alisema.

"Inashika, Dani. Plasta ikishika hupata joto."

Aliweka kiganja chote juu ya paja la mtoto akakiacha hapo. Ninyi mnalijua joto lile. Ni la muda mfupi, linapanda polepole kisha linakwenda. Sisi tumelizoea hata hatulisikii. Yeye alilisikia lote.

"Kaburi la mzee wangu nililigusa walipomaliza," alisema. "Lilikuwa baridi."

Atieno aliacha kulia. Dani alisubiri hadi joto likapungua, akabonyeza kucha za vidole vidogo kama alivyoniona nikifanya, akaona damu ikirudi. Ndipo akakohoa na kuuliza mguu wa pili unaanza lini, kwa sababu omena zake ziko juani na jirani aliyemwachia ni mvivu.

Waliporudi wiki iliyofuata, plasta ilikuwa safi kuliko tulivyoifunga. Atieno alituambia kwamba yule jirani alikuja tena kuchungulia, na Dani akamwambia kuwa hiyo ni kazi ya mkono wake, anayetaka kuigusa amguse yeye kwanza. Walikuja kila wiki hadi mwisho, mvua au jua. Nyayo ziligeuka kidogo, zikageuka tena, zikaangalia mbele. Daktari akakata kidogo kile kikano cha kisigino, kama njia inavyotaka, tukafunga mara ya mwisho. Baada ya hapo ni vile viatu vilivyounganishwa kwa chuma, vya kuvaliwa usiku kwa miaka. Hapo ndipo familia nyingi huchoka, lakini kwa Achieng' sikuogopa. Nilijua ni nani anayelinda viatu.

Tangu siku ile katika chumba chetu anayemleta mtoto ndiye hulainisha safu ya mwisho. Mliikuta desturi hiyo, mkadhani imeandikwa kitabuni. Haikuandikwa. Ilitoka Usenge. Iendelezeni, mradi anayeshika mguu asiuachie, na mikono ioshwe. Akina baba huona haya mwanzoni. Wapeni ndoo, mgeuke mwangalie dirishani.

Miaka ilipita, nikasahau, maana miguu ni mingi. Desemba moja nilipokea ujumbe kwamba Dani ananiita. Mimi si mtu wa kwenda kwa watu, na mke wangu analijua hilo, kwa hiyo alinitolea shati.

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake. Mikono yake ilikuwa imevimba kwenye viungo na haikuweza kukandika tena. Kazi yake ilikuwa kutoa amri. Atieno alikuwa ukutani, akipaka. Kwenye shimo la udongo msichana wa darasa la pili alikuwa akikanyaga, sketi ameikunja hadi magotini, akiinua mguu mmoja na kuuvuta mwingine kutoka kwenye tope kwa sauti ile ya tope mnayoijua. Hakuniangalia. Alikuwa akiimba wimbo wa shule na kukosea maneno.

Dani hakunisalimu kwanza. Alimwita mjukuu wake atoke shimoni aje kwake. Achieng' alikuja akikimbia juu ya ua uliofagiwa, miguu imejaa udongo, na kila alipokanyaga paliachwa alama. Dani alinishika mkono akanivuta hadi kwenye mojawapo. Kisigino kilikuwepo. Upinde ulikuwepo, na vidole vyote vitano, wazi, vikiangalia mbele.

"Soma," akaniambia. "Wewe ndiye uliyeenda shule."

Nilisoma polepole, kama ninavyosoma kila kitu.

Sasa ni zamu yenu. Kopo liko rafu ya juu, msilitupe hata kama pini zimekwisha. Niandikieni mniambie wagonjwa wenu wanaiitaje plasta kule mnakotoka, na ni nani aliyelainisha safu ya mwisho wiki hii. Andikeni herufi kubwa kwa sababu ya macho yangu. Nitachelewa kujibu, lakini nitajibu.